Mikono ya Atuganile

Mkono mtupu hulambwa. Wahenga walikana, lakini wahenga hao hawakufuga sungura juu huku Kitulo, ambako baridi ya Juni hugandisha maji ndani ya vikopo vya kunywea, na ambako kila alfajiri mikono miwili isiyoshika kitu, isiyo hata na mwili, huteremka kutoka chini ya paa ikalambwa na sungura mia tatu, mmoja baada ya mwingine.

Tulinagwe Sanga aliisikia ikija kabla hajaiona. Reli iliguna, kisha Mikono ikatokea juu ya kizimba cha kwanza: chuma mpaka kwenye vifundo, na kuanzia hapo ngozi ya mpira ya rangi ya kahawia, rangi ambayo fundi aliichanganya mara nne mpaka ikafanana na ya Atuganile mwenyewe. Haikumgusa mnyama mara moja. Kwanza ilijikunja ikajibana kwenye mbavu ambazo haikuwa nazo, kana kwamba inatafuta kwapa, ikakaa hivyo kwa pumzi tano. Mpira ule ulikuwa umepashwa kwa umeme tangu saa kumi. Haukuhitaji joto la kwapa. Lakini Atuganile alijipasha kwapani kila asubuhi ya maisha yake kabla ya kumshika sungura, na Mikono ilijifunza kwa Atuganile.

"Shikamoo, mama," alisema Tulinagwe. Wafugaji wote wa Ilungu-Juu waliiamkia hivyo, kwa utani. Yeye hakuwa akitania.

Mikono ilianza kazi. Iliyafunua masikio ya sungura wa kwanza na kuyapuliza kwa tundu dogo la kiganjani, ikitafuta zile chembe za kahawia, mfano wa makapi ya kahawa, ambazo ndizo nyumba ya utitiri. Ikavuta kope chini kuona kama damu ipo. Kidole gumba kikateremka kwenye uti wa mgongo, kwa sababu sungura hukonda mgongoni wiki nzima kabla ya kukonda machoni pa watu. Mwisho tumbo, polepole, halafu chini ya mkia. Taa ya kizimba ikawaka kijani. Sungura akaulamba mpira kutafuta chumvi, hakuipata, akaendelea kulamba.

Tangu homa ilipowamaliza ng'ombe wa nyanda hizi kwa mwaka mmoja, sungura ndiye nyama ya arusi, ndiye chakula cha shule, ndiye mahari. Na sungura ana ubaya mmoja: huficha ugonjwa mpaka siku ya kufa. Atuganile ndiye aliyejua kuusoma mapema. Kwa hiyo Ushirika ulimvika glavu za nyuzi, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, akafanya kazi nazo miezi kumi na minane huku kila mguso ukirekodiwa. Mabanda arobaini na moja yakapata nakala ya mikono yake. Miezi mitano baadaye kifua kilimlaza, na hakuamka.

Mikono ilipofika kati ya kizimba cha kumi na mbili na cha kumi na tatu, Tulinagwe alikuwa amesimama pale pale njiani, mzigo wa majani begani, mahali ambapo mtu mwenye akili hasimami.

Vidole vya mpira vilimgusa bega vikatambua kwamba huyu si sungura. Vikajikunja. Kisha kwa mgongo wa kiganja, taratibu lakini bila kubembeleza, vikamsukuma kando.

Alifumba macho.

Hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akimwondoa njiani. Vidole vya Atuganile vilikuwa na uchafu wa sungura daima, basi hakumshika mwanawe kwa vidole. Alimsukuma kwa mgongo wa kiganja, hata bila kumtazama, kama mtu asukumaye pazia. Katika miezi ile kumi na minane Tulinagwe alikuwa amerudi kutoka chuo cha mifugo na stashahada yake, akisimama njiani kila asubuhi akibishana, na glavu zikachukua na hilo. Mashine haikujua kwamba ule haukuwa uchunguzi wa sungura.

Alipofumbua macho, Mikono ilikuwa imefika kwenye sanduku la kuzalia la Shangazi.

Shangazi alikuwa jike mkubwa wa kijivu, aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kununa mgeni akiingia. Alizaa siku nne zilizopita, watoto wanane. Mikono ilinyanyua kifuniko, ikatulia kidogo, ikakirudisha na kukivutia kitambaa juu yake. Taa ikawaka kijani. Ikapita.

Mbele ya sanduku, juu ya nyasi kavu, palikuwa na kishada cha kinyesi laini, cheusi, kinachong'aa kama zabibu ndogondogo zilizogandana.

Tulinagwe aliuweka chini mzigo wa majani.

Kila sungura hutoa kinyesi cha namna mbili. Kile kigumu, cha duara, kila mtu anakijua. Kile laini hukila mwenyewe papo hapo kinapotoka, kabla hakijagusa chini, kwa kuwa nusu ya chakula chake imo humo; mtu aweza kufuga miaka kumi asikione hata mara moja. "Ukikikuta kimeachwa," alizoea kusema Atuganile, "huyo sungura anakwambia jambo ambalo hata yeye hajalijua."

Akainama, akatega sikio. Shangazi alikuwa akisaga meno. Haukuwa ule usagaji mwepesi wa sungura anayekunwa akaridhika. Ulikuwa wa polepole, mkavu, kama wa mtu atafunaye mchanga kwa adabu ili wenzake wasisikie.

Akafunua kifuniko na kuingiza mkono. Mgongo wa Shangazi ulihesabika kama shanga.

Kulikuwa na darubini moja kuukuu ofisini. Alikoroga kinyesi kwenye maji ya chumvi, akasubiri vilivyo vyepesi vielee, akachota tone. Chini ya kioo mayai ya vimelea vya utumbo yalijaa kama mchele uliomwagwa, ya duara dufu, kila moja na ukuta wake. Hakuhitaji kuhesabu.

Swali halikuwa ugonjwa gani. Swali lilikuwa kwa nini kijani. Jibu lilimjia akiwa bado ameinamia kioo, nalo lilikuja na sauti ya mama yake: "Mzazi haguswi mpaka siku saba zipite."

Ilikuwa desturi ya bibi, na ya mama wa bibi. Mwanamke akijifungua, mlango hufungwa siku saba. Haingii ila anayemwogesha. Atuganile aliwapa sungura heshima hiyo hiyo. Alifika kwenye sanduku la mzazi akiwa na glavu zake za nyuzi, akafunua kuhesabu watoto kwa macho, akafunika, akapita. Kinasa kikaandika: sanduku limefunguliwa, ugonjwa haukuonekana. Mara mia, mara mia tano. Mashine haijui heshima. Ilichojifunza ni kupita.

Na jike asiyeguswa wiki ile ya kwanza, mwenye vimelea vichache tu visivyomlaza, huwaachia wanawe kwenye matandiko. Baada ya wiki sita, wakishaachishwa kunyonya, matumbo yao huvimba. Kila mwaka walikufa kidogo hapa, kidogo pale, na kila mwaka ulilaumiwa umande kwenye majani.

*

Ambokile, fundi wa Ushirika, alikuwa juu ya ngazi akipaka grisi reli.

"Fundi, nikuulize kitu."

"Uliza, dada Tuli. Ila usiniulize umeme utakatika saa ngapi. Mimi si Mungu wala si shemeji yake."

"Mikono ikikosea jambo moja. Jambo dogo tu. Unalitoaje?"

"Silitoi." Alijifuta mkono kwenye suruali. "Ujuzi wa hii kitu haukai mahali pamoja kama funguo mfukoni. Ni chumvi kwenye mchuzi. Umewahi kuitoa chumvi kwenye mchuzi wewe?"

"Naongeza kiazi."

"Mkinga bwana! Kila shida kwenu dawa yake kiazi." Alicheka peke yake. "Haitoki. Unamwaga sufuria zima, unapika upya. Mabanda yote arobaini na moja, siku moja. Na mpishi mwingine, maana yule wa kwanza..." Akaacha.

"Nakala moja, je? Ya kuweka tu. Haigusi mnyama. Inakaa kabatini."

"Sheria ya nakala hiyo, dada. Kilichothibitika kukosea hakihifadhiwi, maana siku ya dhiki mtu atakiwasha. Wewe umesoma, unaijua kuliko mimi." Akashuka ngazi mbili. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kwani imekosea?"

"Nimeuliza tu."

"Hakuna anayeuliza tu bei ya jeneza."

"Nimeuliza tu, Ambokile."

Akatoka nje. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mashamba ya viazi, na ng'ambo ya bonde paa la banda la Ihanga lilionekana nusu. Huko nako Mikono ilikuwa ikipita kwenye masanduku, ikifunua, ikifunika, kwa adabu.

*

Kwa siku mbili alinyamaza.

Alijidanganya kwa kazi. Kwenye banda lake aliwagusa majike wazazi wote yeye mwenyewe, akawatenga wagonjwa sita, akachoma matandiko, akayamwagia masanduku maji ya moto, maana mayai yale hayajali sabuni wala dawa ya choo, ila huogopa moto. Alijiambia kwamba anakusanya ushahidi. Na alfajiri zote mbili alisimama kati ya kizimba cha kumi na mbili na cha kumi na tatu, akasukumwa, akazunguka mbio nyuma ya vizimba kusimama tena kati ya ishirini na ishirini na moja. Mgongo wa kiganja. Pazia. Siku ya pili alisukumwa mara nne, na mara ya nne alisema kwa sauti, "Nasogea, mama, nasogea."

Siku ya tatu alikuja Subilaga.

Subilaga alikuwa mdogo wake Atuganile, wa ziwa moja, na ndiye aliyesimamia banda la Ihanga. Alikuwa amevuka bonde kwa miguu na tenga kichwani, limefunikwa kitenge.

"Shikamoo, mama mdogo. Karibu kiti."

"Marahaba. Sikuja kukaa." Akalitua tenga mezani, akaondoa kitenge. Ndani walipangwa sungura wadogo waliokufa, wa wiki sita, saba, matumbo yamevimba kama mifuko ya upepo. "Hawa ni wa jana na leo tu. Wengine nimefukia. Ni umande. Niliwaambia wakata majani wasubiri jua, nao masikio yao ni ya mapambo."

Tulinagwe alimbonyeza mmoja tumboni kwa kidole gumba.

"Nimewaleta kwa dada," alisema Subilaga, sauti imeshuka. "Ile ya kwangu ilisema kijani mpaka juzi. Nikasema labda hii ya kwenu, kwa kuwa ndiyo ya kwanza, inajua zaidi."

Zilikuwa nakala moja na ile ile, na Subilaga alilijua hilo. Hata hivyo alimchukua sungura mdogo mmoja akamlaza kwenye meza ya uchunguzi. Mikono ikaja. Ikajipasha. Ikafunua masikio, ikavuta kope, ikateremka mgongoni, na ilipofika tumboni ikakaa muda mrefu kuliko kawaida. Taa ikawaka nyekundu. Halafu ikafanya alichokuwa akifanya Atuganile kwa sungura aliyekufa: ikayalaza masikio nyuma, moja, kisha la pili, ikayapapasa hadi ncha.

Subilaga alijifunika mdomo kwa khanga. "Unamwona? Anawalaza. Dada yangu angekuwepo, hili lisingepita."

Ndipo Tulinagwe akasikia maneno yakitoka kabla hajayaruhusu. "Alikuwepo, mama mdogo. Lilipita mbele yake."

Akamweleza. Kinyesi laini, meno, mayai chini ya kioo, siku saba, kifuniko. Subilaga alisikiliza akiwa ameushika ukingo wa tenga kwa mikono miwili.

"Umejua lini?"

"Juzi. Alfajiri."

"Juzi." Aliutazama mrundo ndani ya tenga. "Juzi hawa walikuwa wanakunywa maji."

Tulinagwe alipiga magoti kwenye sakafu ya banda, juu ya nyasi na mkojo wa sungura. "Nisamehe. Sina la kujitetea. Mikono itafutwa, mama mdogo, yote, na mimi nilitaka asinitoke mara ya pili."

Reli iliguna mbali, upande wa vizimba vya mwisho.

"Inuka," alisema Subilaga hatimaye. "Hilo nimekusamehe. Hata mimi ningeficha, tena ningeficha mwezi, si siku mbili. Lakini hilo lingine, Tuli, ulimeze. Dada yangu hajawahi kupitiwa na ugonjwa. Watu huapa kwa jina lake. Sema ni umande."

"Nikisema ni umande, mwezi ujao utakuja na tenga jingine."

"Nitakuja nalo. Nitafukia. Nimeshazoea kufukia."

"Na shule itapikiwa nini?"

Subilaga alifunika tenga lake kwa kitenge, akalibeba, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Tulinagwe aliketi ofisini akaiandika taarifa. Aliandika jina kamili la mama yake na desturi ya siku saba. Aliandika tarehe aliyogundua na tarehe anayoripoti, siku mbili kati yake, na hakuzieleza.

*

Amri ya kufuta ilifika baada ya siku moja. Ambokile alikuja alfajiri na kisanduku chake cha funguo, akasimama kando ya swichi kuu.

"Naweza kuizima sasa," alisema, "au naweza kuiacha imalize raundi. Amri haijataja saa."

"Iache imalize."

Akasimama mahali pake. Mikono ilikuja, ikamgusa, ikajikunja, ikamsukuma. Akazunguka. Ikamsukuma tena. Ambokile aliikazia macho reli kama mtu aliyeona kutu mahali pabaya sana. Mara ya tatu Tulinagwe hakusogea. Aliweka miguu, akaegemea kwa uzito wake wote kwenye kile kiganja, nacho kikasukuma kwa nguvu kidogo zaidi, bila hasira, kama mama ambaye ana sungura mia mbili mbele yake na binti asiyesikia.

"Dada Tuli," alisema Ambokile.

"Ndiyo."

Swichi ililia. Mikono ikabaki imening'inia nusu ya safari, kiganja wazi. Tulinagwe aliushika ule mpira kwa mikono yake yote miwili mpaka joto lilipoisha, na lilichukua muda mrefu kuisha, kama la kitanda ambacho mtu ameondoka sasa hivi.

*

Kikao kiliketi kwenye ghala la viazi, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na joto. Juu ya meza ya Mwenyekiti Ilomo kulikuwa na glavu mpya za nyuzi ndani ya nailoni, na karatasi moja.

"Mwanangu," alianza Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, "tumeachwa bila mikono. Tunahitaji mtu wa kuzivaa hizi. Sote tunajua ni nani. Ulichonacho ulikipata kwa mama yako, hakuna wa kukupita. Kuna jambo dogo tu." Akaigeuza karatasi imtazame. "Jina la marehemu limeingia kwenye taarifa za wilaya. Ukoo umeumia. Humu unasema ulikosea, ni umande, na sanduku la mzazi litabaki bila kuguswa siku saba kama ilivyokuwa. Unauomba radhi ukoo na Ushirika. Unatia sahihi, unavaa glavu kesho."

"Nisipotia?"

"Zitakwenda kwa mtu wa wilayani. Kijana mzuri, ana vyeti." Mwenyekiti alitazama chini. "Hakumjua mama yako."

Tulinagwe aliziangalia zile glavu. Alijua kilichomo ndani yake kuliko wao. Miezi kumi na minane ya kujipasha kwapani bila kukusudia, ya kupuliza masikio kama alivyofundishwa, na kila atakayesimama njiani atasukumwa kwa namna ileile moja anayoijua; nyuzi zitachukua, na katika mabanda arobaini na moja mama yake atateremka tena kutoka chini ya paa. Ilihitaji sahihi tu. Na kila asubuhi, kwenye kila sanduku, kifuniko kingenyanyuliwa na kurudishwa.

Subilaga alikuwa ameketi benchi la mbele, khanga imebanwa kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sema, mwanangu," alinong'ona. "Neno moja tu. Unadhani mimi sitaki kumwona tena?"

Tulinagwe aliinua mkono. Vidole vyake vilikuwa na uchafu; alitoka bandani moja kwa moja, na leo sungura mia tatu alikuwa amewagusa peke yake, wazazi kwa wasiozaa. Kwa mgongo wa kiganja, taratibu, bila kuitazama, aliisukuma karatasi kando mpaka ikafika ukingo wa meza.

Benchi la mbele, mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Alikuwa Subilaga.

"Mama yangu aliwaheshimu wazazi," alisema Tulinagwe, "na heshima ile ilikuwa nzuri, na imeua. Sitalifuta moja ili lingine lipendeze. Siku mbili nilizonyamaza nimeziombea radhi kwa magoti, kwa mtu aliyestahili kuombwa, naye yupo hapa. Kwa kusema, siombi. Mpeni wa wilayani glavu zenu, nami nitasimama karibu yake nimwambie afunue sanduku. Mkiniita kesho nitakuja, na mkiniita mwakani nitakuja, na jibu mtakalolikuta ni hili hili. Sitaomba radhi."